Misukosuko ya Siasa na Ubora wa Kazi: Saa za Ng'ambo na Chai ya Usambara

Katika darasa moja la siasa tuliloliendesha mjini Lushoto, mshiriki mmoja, mzee mkulima wa chai kutoka upande wa Bumbuli, alivua saa yake ya mkononi akaiweka juu ya meza mbele yetu. Aliinunua miezi michache tu iliyopita, na tayari ilikuwa inachelewa. Alipoirudisha dukani, mwenye duka alimwambia kwamba kosa si la duka: huko ng'ambo saa zinakotengenezwa kuna vurugu za siasa, wafanyakazi wanaandamana na kugoma, na ndiyo maana saa za siku hizi ni mbovu. Mzee akatuuliza: "Ndugu Mkufunzi, hayo ni kweli, au ni maneno ya biashara?"

Tulijibu haraka, na tulijibu vibaya. Tulisema kwamba katika ubepari mfanyakazi hanufaiki na jasho lake, kwa hiyo haipendi kazi yake. Unyonyaji huzaa migomo, migomo huzaa kazi mbovu, na saa ile ilikuwa ushahidi mezani. Darasa lilipiga makofi. Mzee hakupiga. Alisubiri kelele zitulie, kisha akauliza tena: "Na sisi tulipokifunga kiwanda cha Mponde, chai yetu iliharibika kwa kuwa hatukuipenda?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jibu lililochelewa, na tunaliandika pia kwa ajili ya wakufunzi wenzetu ambao huenda nao wanajibu maswali ya namna hii kwa kanuni waliyoikariri badala ya kuichunguza kazi yenyewe.

SAA NI KAZI YA NAMNA GANI?

Tuanze na kitu kilichokuwa mezani. Siku moja ina sekunde 86,400. Saa ya kutia ufunguo inayokosea sekunde 30 kwa siku tunaiita mbovu, lakini tukipiga hesabu tutaona kwamba imekosea sehemu moja tu katika sehemu 2,880. Ni sawa na seremala wa Soni anayepima ubao wa karibu mita tatu akakosea milimita moja. Seremala huyo tungemsifu. Uswisi wana shirika la kupima saa bora, lijulikanalo kwa kifupi chake COSC, lililoanzishwa mwaka 1973. Huko mtambo wa saa hupimwa siku 15, katika mikao mitano na viwango vitatu vya joto, na ili upate cheti cha daraja la juu wastani wake usichelewe zaidi ya sekunde 4 wala kuwahi zaidi ya sekunde 6 kwa siku. Ndani ya saa kama hiyo mna vipande zaidi ya mia moja, na gurudumu la mizani katika saa nyingi za leo hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara 691,200 kwa siku, bila kupumzika.

Karl Marx alipoandika kitabu chake cha Kapital, kilichotoka mwaka 1867, aliitumia saa kuwa mfano katika sura ya mgawanyo wa kazi. Alitaja orodha ndefu ya mafundi, huyu wa springi, huyu wa uso wa saa, huyu wa magurudumu, huyu wa vijiwe, kila mmoja akifanya kipande chake, wengi wao nyumbani kwao, na vipande vyote vikikutana mwishoni mkononi mwa yule anayeviunganisha. Aliitofautisha saa na sindano, ambayo ni kipande kimoja cha waya kinachopita mkono hadi mkono mpaka kimekwisha. Tofauti hiyo tuishike vizuri, kwa maana tutaihitaji tutakaporudi Mponde. Vipande vya saa vinaweza kulala ghalani mwaka mzima vikimngoja mtu wa kuviunganisha. Kitu kinachopita mkono hadi mkono hakiwezi kungoja kwa namna hiyo.

Hapa tuseme neno dogo juu ya vijiwe vyekundu ndani ya saa, kwa sababu liliulizwa darasani. Wenzetu wanaolijua Bonde la Umba, huko chini ya milima yetu, wanajua kwamba huchimbwa rubi na safaya, na baadhi yao wanaamini kwamba rubi hizo ndizo zinazokaa ndani ya saa. Sivyo. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kutengeneza rubi kwa moto wa gesi, na tangu hapo vijiwe vya saa vimekuwa vya kiwandani. Jiwe la Umba huenda kwenye pete na mikufu. Kwa hiyo ghasia ikitokea machimboni haigusi mwendo wa saa ya mtu yeyote.

WAFANYAKAZI WA SAA NA SIASA

Kama ingekuwa kweli kwamba siasa kali huharibu ubora wa saa, basi saa za Uswisi zingekuwa mbovu kuliko zote duniani. Watu wengi hudhani nchi ile imekuwa tulivu siku zote, milima na ng'ombe tu. Lakini mafundi saa wa milima ya Jura walikuwa miongoni mwa wafanyakazi wenye msimamo mkali kabisa katika Ulaya ya karne ya 19. Mwezi Septemba 1872 wapinzani wa Marx katika chama cha kimataifa cha wafanyakazi walifanya mkutano wao Saint-Imier, mji wa mafundi saa, na waliowakaribisha ni mafundi hao hao. Walifanya kazi nyumbani au katika vikarakana vidogo, walikuwa na muda wa kusoma na kubishana huku mikono inakwenda, na hawakupenda bwana yeyote, wala wa serikali wala wa kiwanda. Mwezi Novemba 1918 ukafanyika mgomo mkuu wa nchi nzima. Katika mji wa Grenchen, ambao nao ni mji wa saa, askari walifyatua risasi tarehe 14 Novemba na kuwaua wafanyakazi watatu.

Damu ilimwagika katika mji wa saa, na sifa ya saa za Uswisi haikushuka. Kwa nini? Kwa sababu waliogoma ndio hao hao waliorudi mezani. Ujuzi haukuondoka mjini. Mgomo ulisimamisha kazi kwa siku chache, haukuitenga mikono na kazi yake. Kile kilichokuja kuwatenganisha mafundi wa Jura na meza zao hakikuwa mgomo wala risasi. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa ya mkononi inayoendeshwa na betri na kipande cha madini ya kwatsi, saa iliyokuwa na usahihi ambao fundi wa mizani hakuweza kuufikia. Mwaka 1970 viwanda vya saa vya Uswisi vilikuwa na wafanyakazi takriban 90,000. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki elfu thelathini na ushei. Hakuna maandamano yaliyowahi kufukuza mafundi wengi namna hiyo.

BESANÇON NA DAR ES SALAAM, MWAKA 1973

Mfano tunaopenda kuuchambua kwa kirefu ni wa Ufaransa, mji wa Besançon, karibu na mpaka wa Uswisi. Hapo palikuwa na kiwanda cha saa cha Lip, kilichotokana na karakana iliyofunguliwa mwaka 1867 na fundi Emmanuel Lipman. Kufikia mwaka 1973 kilikuwa na wafanyakazi wapatao 1,300, wakiwemo wanawake wengi, na hisa nyingi zilikuwa zimeingia mikononi mwa kampuni ya Uswisi iliyoitwa Ebauches. Biashara ilikuwa inayumba. Mwezi Juni mwaka huo wafanyakazi waligundua, katika karatasi za wakuu wenyewe, mpango wa kupunguza mamia ya watu ambao haukuwa umetangazwa.

Walifanya nini? Hawakuvunja mitambo. Hawakuchoma ghala. Walikikalia kiwanda, wakazichukua usiku saa zilizokuwa tayari, takriban 25,000, wakazificha mahali mbalimbali nje ya kiwanda. Kisha wakarudisha kazini sehemu ya uunganishaji, wakatengeneza saa, wakaziuza wenyewe moja kwa moja kwa wananchi waliokuja kutoka pande zote za Ufaransa, na kwa fedha hizo wakajilipa mishahara. Msemaji wao aliyejulikana zaidi, Charles Piaget, fundi aliyekulia katika mji huo huo na aliyefariki mwaka 2023, alikuwa akisisitiza kwamba maamuzi yatolewe na mkutano mkuu wa wafanyakazi wote, si na viongozi peke yao. Katikati ya Agosti polisi wakaingia kiwandani na kuwatoa. Tarehe 29 Septemba watu wanaokadiriwa kufikia 100,000 waliandamana Besançon kwa kuwaunga mkono, wengi wao wakitembea katika mvua. Mwezi Januari 1974 yakafikiwa makubaliano, kiwanda kikapata uongozi mpya, na wafanyakazi wakarudishwa kwa awamu. Mwaka 1976 kikafilisika tena.

Sasa tuiulize historia hiyo swali la mzee wetu. Je, saa zilizotoka kiwandani wakati wa ghasia zilikuwa mbovu? Tukifuata kanuni yetu ya haraka, ilibidi ziwe nzuri zaidi kwa kuwa sasa mfanyakazi alikuwa bwana wa kazi yake. Tukifuata kanuni ya mwenye duka, ilibidi ziwe mbovu. Ukweli ni wa kawaida zaidi ya kanuni zote mbili: zilikuwa saa za Lip. Zilitoka katika vipuri vile vile, zikaunganishwa na mikono ile ile. Msukosuko ulikuwa umebadilisha nani anatoa amri na nani anashika fedha. Haukuwa umebadilisha, kwa wiki zile, nani anashika koleo na lenzi. Walipotenganishwa na mitambo yao katikati ya Agosti, hapo ndipo uzalishaji wa kiwandani ulipokatika.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wengi wa kisa hiki hulipita haraka mno. Saa ni kitu kidogo chenye thamani kubwa, tena hakiozi. Saa 25,000 zinaweza kufichwa katika nyumba za marafiki na majirani, na kila moja ni mshahara unaongoja. Zile saa zilikuwa hazina ya mgomo. Mfanyakazi wa Lip aliweza kusubiri mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, kwa sababu mali aliyoizalisha iliweza kusubiri pamoja naye.

Ni muhimu wananchi wetu wajue kwamba mwaka huo huo, 1973, jambo la namna hiyo lilitokea hapa nyumbani. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, ulikuwa umewakataza viongozi kiburi na ubabe mbele ya wale wanaowaongoza, na wafanyakazi waliusoma kwa makini kuliko mameneja walivyotarajia. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wafanyakazi walimfungia nje mwenye kiwanda wakaendelea kuzalisha wenyewe. Kwa kiwanda kile jambo hilo lilikubaliwa. Hatutakaa hapo kwa kirefu, maana kisa hicho kinastahili makala yake. Tunachotaka msomaji aone ni kwamba bidhaa za mpira, kama saa, zinaweza kukaa ghalani.

VITA, NA UJUZI UNAOHAMISHIKA

Mgomo ni jambo moja, vita ni jambo jingine. Vita huja na mambo ambayo mgomo hauna: mabomu, kuhamishwa kwa watu, na mitambo kuchukuliwa kuwa ngawira.

Urusi ya Kisovieti ilinunua mitambo ya kiwanda kizima cha saa kutoka Canton, Ohio, huko Marekani, kiwanda kilichokuwa kimefilisika, ikaisafirisha hadi Moscow na kuanzisha kazi mwaka 1930. Pamoja na mitambo walikwenda mafundi Wamarekani zaidi ya 20 kufundisha. Viongozi wale walielewa kwamba mtambo bila mwalimu ni chuma tu. Mwaka 1941 majeshi ya Hitler yalipoikaribia Moscow, kiwanda kikahamishiwa Zlatoust, mbali kwenye milima ya Ural, mitambo na watu kwa pamoja. Baadaye kazi ilirudi Moscow, lakini Zlatoust palibaki na kiwanda cha saa, kwa maana ujuzi ulikuwa umeshika mizizi. Saa aliyoivaa Yuri Gagarin alipozunguka dunia mwaka 1961 ilitoka katika kiwanda hicho cha Moscow.

Katika mji mdogo wa Glashütte, Ujerumani, karakana za saa zilipigwa mabomu tarehe 8 Mei 1945, siku ya mwisho kabisa ya vita vya Ulaya. Mitambo iliyobaki ikachukuliwa kuwa fidia ya vita. Mwaka 1951 karakana zilizosalia zikaunganishwa kuwa kiwanda kimoja cha umma cha Ujerumani Mashariki. Mwaka 1990, baada ya ukuta wa Berlin kuanguka, mjukuu wa ukoo wa Lange alirudi na kuliandikisha upya jina la familia, na mwaka 1994 wakatoa saa ambazo leo huhesabiwa miongoni mwa zilizo bora kabisa. Mafundi waliofanya kazi hiyo walitoka wapi? Wengi wao walikuwa wamefundishwa katika kile kiwanda cha umma. Majina mlangoni yalibadilika mara tatu katika miaka hamsini, na kijana wa Glashütte aliendelea kujifunza kusugua kipande cha chuma mpaka kikang'aa.

MANENO YA MWENYE DUKA

Tumrudie sasa mwenye duka wa Lushoto. Sehemu kubwa ya saa za bei nafuu zinazouzwa katika masoko yetu, zikipitia Kariakoo, hutengenezwa China, hasa katika jimbo la Guangdong, na kwa miaka mingi biashara yake imepitia Hong Kong. Hong Kong imeona ghasia kubwa mara mbili. Mwaka 1967 ugomvi wa wafanyakazi katika kiwanda cha maua ya plastiki uligeuka kuwa mapambano ya miezi kadhaa dhidi ya utawala wa Waingereza, mabomu yakategwa mitaani, na watu wapatao 51 wakafa. Hata hivyo mauzo ya bidhaa za viwanda vyake nje ya nchi yaliendelea kukua mwaka huo. Mara ya pili ni maandamano ya mwaka 2019. Wakati huo Hong Kong ilikuwa soko kubwa kuliko yote la saa za Uswisi, na mauzo hayo yakashuka kwa zaidi ya asilimia 10 mwaka ule, kabla hata ya korona kuyamaliza. Lakini kilichoumia ni mauzo. Watalii hawakuja, maduka yalifunga milango. Viwanda vilikuwa ng'ambo ya mpaka, Shenzhen na Dongguan, na mafundi wake hawakuacha meza zao.

Kwa hiyo maneno ya mwenye duka hayakuwa na msingi. Tulimpeleka mzee wetu kwa fundi saa wa sokoni, akaifungua saa yake mbele yetu. Usoni ilikuwa na jina kubwa la Kijapani. Ndani ilikuwa na mtambo mdogo wa plastiki usio na jina lolote, na betri iliyokwisha nguvu kabla ya kununuliwa. Ilikuwa saa bandia. Fundi alicheka, akasema hufungua saa za namna hiyo kila wiki, vurugu ziwepo zisiwepo.

Lakini haki itendeke: upo mlango ambao misukosuko huingilia na kuharibu ubora, na kizazi cha wazazi wetu kiliupitia. Baada ya jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na mpaka wa Kenya kufungwa mwaka 1977, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei za mazao yetu zilipoanguka huku ya mafuta ikipanda, nchi iliishiwa fedha za kigeni. Saa zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyopotea madukani. Fundi saa alikuwa yule yule, mwenye macho na subira ile ile, lakini hakuwa na springi mpya wala kioo. Alichukua kipande kutoka saa iliyokufa akakitia katika saa iliyo hai, kikikaribiana tu, akakisugua mpaka kikakubali. Saa ilitembea, lakini haikutembea kama mwanzo. Hapo ujuzi ulikuwepo, na kilichokatika ni kipuri. Bidhaa za magendo nazo zikajaza pengo, na katika bidhaa za magendo hakuna mkaguzi. Ndiyo maana uhaba, hata ukiisha, huacha nyuma yake mazoea ya kununua bila kuuliza kitu kimetoka wapi.

MPONDE

Sasa tumjibu mzee.

Kiwanda cha chai cha Mponde kipo katika halmashauri ya Bumbuli, wilaya ya Lushoto, katikati ya mashamba ya wakulima wadogo. Mwaka 1999 kilibinafsishwa kwa chama cha wakulima wa chai wa Usambara, UTEGA, pamoja na mwekezaji. Mgogoro ulikua polepole: bei ya jani bichi, uendeshaji wa kiwanda, na swali la nani hasa ni mwenye kiwanda, mkulima au mwekezaji. Mwaka 2013 wakulima wakakifunga. Baadaye Serikali ilikirudisha mikononi mwake, na hatimaye kikakabidhiwa mifuko ya PSSSF na WCF ili kifufuliwe. Katikati ya matukio hayo ilipita zaidi ya miaka saba. Hatuandiki hapa kuamua nani alikuwa na haki kwa kiasi gani. Madai ya wakulima juu ya bei na umiliki yalikuwa madai halisi, na anayeyaita ukorofi hajawahi kubeba kikapu cha chai kupanda mlima.

Tunachotaka kueleza ni kilichotokea kwa mali yenyewe. Jani la chai si kipuri cha saa. Mchumaji huchuma majani mawili machanga na chipukizi lake, na tangu dakika hiyo muda unahesabiwa. Likibanwa kwenye gunia hupata joto na kuwa jekundu kabla ya wakati. Linatakiwa lifike kiwandani siku hiyo hiyo, linyaushwe, lisagwe, liachwe lichachuke kwa kipimo, likaushwe. Hii ndiyo ile sindano ya Marx, inayopita mkono hadi mkono. Mkono mmoja ukikosekana, na mikono mingine yote imefanya kazi bure. Aliyetaka kupeleka jani lake kiwanda cha mbali alikabiliana na barabara za milima yetu, ambazo wakati wa masika kila mmoja wetu anazijua.

Tena mti wenyewe haungoji. Chai inayochumwa kila wiki moja au mbili hubaki imelala kama meza; isipochumwa, machipukizi hukomaa na kuwa magumu, na baada ya muda shamba linakuwa msitu mdogo unaompita mtu urefu. Kuurudisha hapana budi kuukata chini na kungoja miezi kadhaa kabla ya kuchuma tena, na miezi hiyo mkulima halipwi na yeyote. Wengine waling'oa wakapanda mahindi na maharage. Vijana waliojua kuchuma kwa mikono miwili, bila kuvunja kijiti wala kuokota jani gumu, walishuka Mombo wakapanda mabasi ya Tanga na Dar es Salaam. Na ndani ya kiwanda alikuwepo yule mtu anayelishika jani lililonyaushwa kiganjani na kujua bila kipimo kwamba sasa limeiva kwa kusagwa. Miaka saba ni mingi kwa mtu kama huyo.

Wafanyakazi wa Lip walipokikalia kiwanda chao walikuwa na saa 25,000 za kuwalisha. Wakulima walipokifunga kiwanda cha Mponde silaha yao ilikuwa jani, na jani liliharibika siku hiyo hiyo mikononi mwao wenyewe. Katika pambano la namna hiyo, anayeumia kwanza si mwenye hisa wala mwenye ofisi. Tulipofundisha kwamba kufunga kiwanda ni kufunga kiwanda, Besançon au Bumbuli, tulikuwa hatujauliza swali la kwanza kabisa la uchumi wa siasa: ni mali gani inazalishwa, na inaweza kungoja kwa muda gani?

Wazee wa Kishambaa wana maneno mawili waliyoyatumia tangu enzi za wafalme Wakilindi: kubana shi, kuiharibu nchi, na kuzifya shi, kuiponya nchi. Alipofariki Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862 na warithi wake wakapigana, Semboja akijiimarisha Mazinde kwenye njia ya misafara, watu hawakusema kwamba siasa imeharibika. Walisema nchi imeharibika, wakimaanisha mvua, shamba na usalama wa njia kwa pamoja. Zamani tulikuwa tunayapita maneno hayo kama imani za kale. Siku hizi tunayaandika ubaoni.

Tulirudi Bumbuli baadaye na kumweleza mzee haya tuliyoyaandika. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema sehemu ya shamba lake ameikata chini na inachipua, sehemu nyingine ina mahindi, na hajaamua kama ataing'oa hiyo mahindi. Akatuuliza bei ya jani msimu ujao itapangwa na nani, na katika kikao gani, na kama mkulima ataruhusiwa kuingia. Saa yake hakuwa ameivaa.